Karatasi Isiyo na Jina

Asubuhi ya chuo chetu ililetwa na rimu ya lori. Ilining'inia mbele ya bweni la wasichana, na ilipofika saa kumi na mbili kiranja wa zamu aliigonga kwa nondo mpaka kuku wa kijiji cha Aroi, ng'ambo ya bonde, wakajua kwamba wanafunzi wa ualimu wameamka. Tulifagia, tukaoga maji ya baridi kwa kelele nyingi kuliko maji yenyewe, tukapanga mstari wa uji. Kisha tukaingia darasani kujifunza namna ya kufundisha watoto, ingawa wengi wetu tulikuwa watoto bado. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Jina langu ni Kaltumu. Kwetu ni Arua mjini, mtaa wa Wanubi, nyumba ya bibi yangu Sadiya aliyenilea. Baba alikuwa sajini jeshini, katika kambi ya mbali. Kwake nilirithi mwendo wa haraka. Kwa bibi nilirithi mikono ya kusuka. Mdomo huu sijui niliurithi wapi, maana kila mtu katika ukoo anaukana.

Mwaka huo ulikuwa 1974. Kiswahili kilikuwa kimetangazwa kuwa lugha ya taifa, na mwalimu wetu wa Kiswahili, Madamu Rosa Kiden, aliona kwamba hatutakijua kwa kukariri tu. Akatuanzishia gazeti la ukutani. Lilikuwa ubao wenye kioo na kufuli, nje ya bwalo la chakula, na chini yake sanduku la mbao lenye tundu. Aliyekuwa na shairi, habari za mpira au swali aliliandika akalitumbukiza sandukuni. Masharti yalikuwa matatu: andika Kiswahili, andika kweli, andika jina lako. Madamu alituambia kwamba mwenye kutimiza hayo matatu ana haki ya kuuliza lolote, kwa sababu chuo ambacho mtu haruhusiwi kuuliza ni ghala tu la vichwa.

Mhariri wa gazeti alikuwa Wani, kijana wa mwaka wa pili kutoka Ludara, huko Koboko. Alikuwa mrefu na mpole, mtu wa kuinama akipita mlangoni hata mlango ukiwa mrefu kuliko yeye. Katika ukoo wake hakuna aliyewahi kufika chuoni kabla yake. Ufunguo wa kioo aliuvaa shingoni kwa kamba, na hata akicheza mpira hakuuvua.

Sasa nije kwenye posho, kama tunavyouita ugali kwetu.

Kwa muda wa wiki tatu posho yetu ilikuwa inanuka mafuta ya taa. Mwanzoni tulilaumu sufuria. Halafu tukalaumu maharagwe, ambayo hayakuwa na kosa lolote ila ugumu. Wasichana watatu wa bweni letu waliumwa tumbo wiki nzima. Ilipofika zamu yangu ya kwenda stoo kuchukua unga, nikaona mwenyewe. Mapipa mawili ya mafuta ya taa yalisimama bega kwa bega na magunia ya unga. Moja lilikuwa linavuja, sakafu ilikuwa imelowa, na magunia ya chini yalikuwa yanakunywa polepole kama ng'ombe mtoni.

Mpishi wetu, Mama Hawah, alikuwa ameshamlalamikia mtunza stoo mara tatu. Kila mara alijibiwa kwamba mafuta ya taa yamekuwa adimu nchini, yakiachwa nje yataota miguu, na chumba chenye kufuli la kweli ni kile kimoja. Naye mpishi, akaambiwa, kazi yake ni kupika.

Jumapili mchana nikachukua kalamu mbili, nyekundu na ya bluu, nikaandika hivi:

"TAARIFA YA KISAYANSI. Imegunduliwa kwamba mwanafunzi wa chuo hiki akishakula chakula cha jioni hahitaji taa ya kusomea. Afungue kinywa tu, mwenzake alete kiberiti. Wanafunzi wanaombwa wasipige miayo karibu na jiko. Pia tunauliza kwa heshima: wavulana na wasichana tumetenganishwa kwa ua wa miiba, je, kwa nini unga na mafuta ya taa vinalala chumba kimoja?"

Nilipomaliza nikaizungushia karatasi urembo pembeni, kama mkono wangu ulivyozoea kufanya kila unapokuta nafasi tupu. Jina sikuandika. Nilijiambia kwamba mzaha mzuri hauna mwenyewe. Huo ulikuwa uongo. Niliogopa tu.

Jumatatu, kabla ya uji, mbele ya ubao palijaa watu. Wani alikuwa ameikuta karatasi sandukuni, ameisoma, amecheka, na kwa kicheko hicho akasahau sharti la tatu. Aliibandika katikati kabisa. Vijana walikuwa wanapiga miayo makusudi na kuzibana vinywa. Mimi nilisimama nyuma nikacheka pamoja na wengine, nikauliza kwa sauti ni nani huyo mwenye akili nyingi hivi.

Kengele ya pili haijagongwa, mkuu wa chuo, Bwana Okuonzi, akafika. Watu wakapungua kama maji kwenye ungo. Alisoma mpaka mwisho, akamwagiza Wani afungue kioo, akaikunja karatasi mara nne na kuitia mfukoni.

Bwana Okuonzi hakuwa mtu mbaya, na sitaki msomaji amchukie. Nilipoingia chuoni alikuwa bado anatutania kwenye mstari wa uji. Lakini miaka ile maneno yalikuwa na miguu, na yalipenda kutembea mpaka mahali pabaya. Mtu alisema jambo dogo dukani asubuhi, jioni jamaa zake wakawa wanamtafuta. Bwana Okuonzi aliacha kutania. Kila gari lililopunguza mwendo karibu na geti lilimfanya asimame dirishani.

Alimwuliza Wani ni nani aliyeandika. Wani akajibu kwamba hajui, na ni kweli hakujua.

"Kioo kina ufunguo mmoja," Bwana Okuonzi alisema, "na uko shingoni mwako. Kwa hiyo maneno ni yako."

Siku iliyofuata alitukusanya akatangaza kwamba gazeti limefungwa na Wani amefukuzwa chuo. Barua ilikuwa imeshaondoka na lori la Koboko kwenda kwa baba yake. Mpaka baba afike, Wani haruhusiwi kuingia darasani. Madamu Rosa alisimama akaanza kusema kwamba kanuni za chuo zinataka mwanafunzi asikilizwe kwanza. Bwana Okuonzi akajibu kwamba mkutano umekwisha, na kweli ulikuwa umekwisha, kwa sababu yeye alikuwa ameshaondoka.

Wani akatoa sanduku lake la bati nje ya bweni, akalikalia. Hakulia. Alifungua daftari akaendelea kuandika andalio la somo, kujumlisha kwa darasa la tatu, pamoja na michoro ya mahindi ya kuhesabia. Alikuwa anaandalia watoto ambao asingewafundisha.

Nilikwenda kwake Jumatano nikiwa nimeshika maneno yote kinywani. Nilipofika, mdomo wangu ukafanya kazi uliyoizoea. Nilimwuliza kama sanduku hilo lina nafasi ya abiria wa pili. Alicheka. Akaniambia kwamba aliyeandika ile taarifa anajua kuandika, na kwamba akirudishiwa ufunguo ataibandika tena, ila mara hii atamtafuta mwenyewe aweke jina. Nikaondoka mbio kama mtu aliyeitwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu haukuwa wa mwenzangu, ulikuwa wangu mwenyewe, na bado niliona ni mwepesi maadamu kichwa kilichoubeba si changu.

Mchana ule nikavumbua dawa. Nilikata kipande cha karatasi, nikaandika "Siyo Wani" kwa herufi kubwa, nikakisukuma chini ya mlango wa ofisi. Niliona nimefanya ushujaa mkubwa sana. Alhamisi, tukiwa mstarini, Bwana Okuonzi akakiinua juu.

"Karatasi nyingine isiyo na jina," alisema. "Sasa najua Wani ana wenzake. Jumamosi tutapekua mabweni yote."

Dawa yangu ilikuwa imeongeza ugonjwa.

Ijumaa nilikuwa na zamu ya kufagia getini. Yapata saa tano akatokea mzee mmoja akisukuma baiskeli. Viatu vyake alikuwa amevifunga kwenye usukani visichakae kwa vumbi, na alipoliona geti alisimama, akaifuta miguu kwa majani, akavivaa. Mbele alikuwa na kuku katika kikapu. Nyuma, kwenye kiti cha kubebea, alikuwa amefunga gunia lililojazwa nyasi, likawa laini kama mto, na juu yake blanketi.

"Binti, hujambo. Hapa ndiyo chuo ya walimu?"

Nikamwamkia, nikamkaribisha, nikamwambia ndipo hapa.

"Mimi naitwa Soro, natoka Ludara. Barua nasema mimi nakuja kuchukua mtoto. Mtoto yangu Wani, iko gonjwa sana?"

Nikafagia tena mahali nilipokwisha kufagia. Alidhani sijamwelewa, akanieleza vizuri zaidi. Barua aliipata Jumatano. Mwalimu wa dini alimsomea, na ndani yake hamkuwa na sababu, ila tu kwamba aje amchukue mwanawe bila kukawia. Chuo kitamwita baba kwa nini, kama si ugonjwa? Aliondoka Alhamisi alfajiri, akalala njiani kwa jamaa. Kuku ni wa kumpikia mchuzi. Gunia lile la nyasi alilishona mwenyewe, ili mgonjwa asiumizwe na chuma njia nzima. Alilibonyeza kwa kiganja kunionyesha lilivyo laini.

Kuna mahali mzaha hauingii, nami nilikuwa nimefika hapo.

Nikamwambia Wani si mgonjwa, ni mzima kabisa. Uso wa mzee ukafunguka. Akamshukuru Mungu kwa Kikakwa, akamshukuru tena kwa Kiswahili, pengine ili na mimi nisikie. Halafu akaniuliza polepole.

"Sasa kama siyo gonjwa, mimi naitwa kwa nini?"

Nilimwonyesha mlango wa ofisi, nikasema ninakwenda kumletea maji, nikakimbilia jikoni.

Mama Hawah alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, naye alikuwa mpana kuliko kigoda mara tatu. Alikuwa mtu wa mtaa wetu na alinijua tangu sijaota meno. Alikuwa ameshamwona mgeni kupitia dirishani. Mezani palikuwa pamewekwa sinia tayari, na sinia limefunikwa kwa tabaga.

Hapa lazima nieleze kidogo. Tabaga ni kifuniko cha chakula cha kwetu Wanubi, kilichosukwa kwa ukindu wa rangi. Kila mwanamke ana nakshi yake, na binti husuka ya mama yake au ya bibi yake. Kukiwa na harusi au msiba, kila nyumba hupeleka sinia, na masinia hupangwa mkekani kwa safu. Hakuna anayeuliza hiki cha nani, jicho linasoma. Chakula kikiwa kitamu, sifa hurudi nyumbani pamoja na kifuniko. Chumvi ikizidi, na chumvi hurudi nyumbani pamoja na kifuniko. Kwa hiyo kwetu mwanamke hapeleki chakula ovyo chini ya tabaga lake.

Nikalitazama lile la mezani. Pembetatu nyekundu, halafu jicho la bluu, halafu pembetatu mbili zilizopeana mgongo. Kisha tena pembetatu nyekundu. Ilikuwa nakshi ya bibi Sadiya, ambayo nimeisuka tangu nina miaka saba. Na ndiyo niliyoichora Jumapili, bila kufikiri, kuzunguka karatasi ambayo niliona nimeificha vizuri.

"Hii bibi yako nanipa harusi ya binti yangu," Mama Hawah alisema. "Mimi iko najua tangu Jumatatu. Maneno ya karatasi mimi sisomi, shule sikwenda. Lakini pembeni nilisoma."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Neno ni yako, mdomo ni yako. Mimi nangoja." Akashika kingo za sinia, akalisogeza kwangu. "Sasa mutu nametoka Ludara na baiskeli. Peleka chakula ofisini. Posho ni ile ile, unga ingine hakuna. Mimi naona aibu kuifunika na kifuniko ya Sadiya. Lakini mara tatu nasema kwa mdomo, hawasikii. Leo iende yenyewe."

Niliweka sinia kichwani, nikashika birika la maji mkononi. Kutoka jikoni mpaka ofisini ni hatua sitini, nami siku ile nilizijua moja moja.

Ofisini palikuwa na Bwana Okuonzi nyuma ya meza, Madamu Rosa kando ya dirisha, Mzee Soro kwenye kiti cha wageni akiwa ameshika kofia, na Wani amesimama, ameinamisha kichwa kama kwamba dari limeshuka. Inaonekana mzee alikuwa ameshaambiwa kwamba mwanawe amefukuzwa kwa sababu ya karatasi mbaya. Alikuwa anazungusha kofia tu.

Nikaweka sinia mezani na kusema kabla ulimi haujapata mzaha.

"Mwalimu, ile karatasi niliandika mimi."

Bwana Okuonzi aliniangalia kwa uchovu. "Kaltumu, si leo."

Nilistahili. Muhula uliopita nilimwambia mgeni wa wizara kwamba mimi ndiye mwalimu wa hesabu, na kwa dakika tano aliniamini. Bwana Okuonzi akasema kwamba rafiki anayetaka kumwokoa rafiki anaweza kusema lolote, na kwamba yeye hana haja ya maigizo mbele ya mzazi. Ushahidi uko wapi?

Nikamwomba atoe karatasi. Akaitoa kwenye mtoto wa meza, akaikunjua. Nikaiweka kando ya tabaga, nikafuata kwa kidole: pembetatu, jicho, pembetatu mbili zilizopeana mgongo. Nikamwambia kwamba tabaga hili ni la bibi yangu, na nakshi hii haisukwi na nyumba nyingine katika mtaa wetu. Madamu Rosa akasogea, akatazama, akatikisa kichwa.

"Siku nne tunatafuta jina," alisema, "na mwanamke yeyote wa mtaa wao angelisoma kutoka barabarani."

Bwana Okuonzi naye alilinganisha nakshi hizo mbili. Kisha akaniuliza kwa nini nilimwachia mwenzangu siku nne zote.

"Niliogopa, Mwalimu."

"Na mimi naogopa," alisema. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayevua kiatu kinachobana. "Unafikiri nilikasirikia posho? Karatasi kama hii ikifika mjini hakuna atakayesoma posho. Watasoma kwamba chuo hiki kinawacheka wakubwa. Nilitaka jambo liishe kabla halijatoka getini."

Madamu Rosa alikuwa ameshika kijitabu cha kanuni, na ukurasa alikuwa ameushikilia kwa kidole, nadhani tangu Jumanne. Alisoma kwamba mwanafunzi hafukuzwi kabla ya kusikilizwa mbele ya kamati ya walimu. Akasema kwamba hofu anaielewa, yeye pia analala nayo. Lakini kanuni hii iliandikwa kwa ajili ya siku za hofu. Siku za raha hakuna anayeihitaji.

Wakati huo Mzee Soro alikuwa amekaribishwa chakula na hakutaka kukidharau. Alinawa mikono kwa maji niliyomletea. Akainua tabaga kwa mikono miwili, akaliweka pembeni taratibu, akamega tonge, akalichovya kwenye maharagwe. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatazama dari kidogo, kisha akameza kwa adabu kubwa.

"Mukubwa, samahani," alimwambia Bwana Okuonzi. "Hapa nyinyi napikia posho mafuta ya taa?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia karatasi ilisema nini. Nilimwona Wani akiuma mdomo. Mimi, kwa mara ya kwanza maishani, sikuwa na hamu ya kucheka.

Bwana Okuonzi alikuwa anakula nyumbani kwake siku zote. Aliinuka, akamega tonge, akalitia kinywani. Alitafuna muda mrefu, na kwa kuwa mgeni alikuwa anamtazama, ikabidi ameze. Kisha akasema aitwe mtunza stoo na funguo.

Tulikwenda wote, hata mzee na kofia yake. Bwana Okuonzi aliingia stoo, akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, akachukua unga wa gunia la chini, akaunusa. Akauliza jambo hili limesemwa lini mara ya kwanza. Mama Hawah, aliyekuwa ametufuata akiwa na mwiko mkononi, akahesabu kwa vidole mara tatu zake. Mkuu hakumkemea mtu. Mchana ule ule mapipa yakahamishiwa kibanda cha majembe, nacho kikanunuliwa kufuli. Magunia matatu yaliyolowa yakachomwa nyuma ya jiko. Yaliwaka vizuri mno. Nilikuwa na la kusema, nikalimeza.

Alasiri kamati ya walimu ilikaa, na mara hii Wani aliulizwa na akajibu. Alikiri kwamba alibandika karatasi isiyo na jina, kinyume cha masharti. Akaonywa, akarudishwa darasani. Mimi nikapewa wiki mbili za kusugua sakafu ya stoo kila asubuhi, siyo kwa kuuliza, waliniambia, bali kwa kuacha mwenzangu aadhibiwe kwa kosa langu. Kisha wakakubaliana kwamba gazeti lifunguliwe, na kwamba hakuna andiko litakaloondolewa ubaoni kabla mwandishi hajaitwa na kusikilizwa. Kupekuliwa kwa mabweni hakukutajwa tena.

Mzee Soro hakukubali kulala. Kuku wake alimwachia Mama Hawah, akisema mgonjwa amepona na dawa isirudi nyumbani. Wani alimsindikiza mpaka barabarani. Niliwafuata kwa mbali, halafu nikajikaza, nikawakaribia, nikamwomba mzee msamaha kwa safari yote ile. Alinitazama, akalibonyeza tena lile gunia la nyasi.

"Mimi nakuja kuchukua mtoto gonjwa," alisema. "Narudi na kiti tupu. Hii ni safari mzuri, binti. Lakini siku ingine wewe sema mapema. Koboko iko mbali."

Jumatatu, mstarini, Bwana Okuonzi alituambia kwamba alimhukumu Wani kabla ya kumsikiliza, na kwamba kama angemwuliza mpishi wake swali moja, mzee wa Ludara asingelala njiani. Si rahisi kwa mkuu kusema hivyo mbele ya wanafunzi mia moja na sabini. Hakuna aliyepiga mwayo.

Nilipomaliza kusugua stoo siku hiyo, nililiosha tabaga, nikalianika, nikalirudisha jikoni. Mama Hawah alilishika juu ya mwanga, akapitisha kidole kwenye nakshi.

"Sikia, mwanangu," alisema. "Kuuliza siyo kosa. Tumbo nauma, mutu nauliza. Ile karatasi yako ilikuwa chakula mzuri, iko na kweli ndani. Lakini wewe natuma sinia bila kifuniko, halafu inzi nakwenda kwa Wani. Kama neno ni kweli, funika na kifuniko yako, watu wajue nyumba. Kama wewe naona haya kuweka kifuniko, basi acha kupika."

Nikaandika taarifa ile upya kwa herufi safi, na chini yake nikaongeza habari ya kibanda cha majembe, kwa sababu aliyeuliza swali ana wajibu wa kutangaza jibu. Nikaizungushia pembetatu na macho. Halafu nikaandika jina langu, na la baba, na la babu, na mtaa wetu, mpaka Wani, akiwa amesimama na ufunguo wake, akalalamika kwamba nafasi ya matokeo ya mpira imekwisha.